Rule of Rose: kisa cha mchezo uliohukumiwa kwa jambo lisilomo

Mnamo Novemba 2006 jarida la Italia, Panorama, lilitoka na jalada lililotangaza kwamba anayemzika msichana akiwa hai ndiye mshindi. Habari yenyewe ilihusu mchezo wa video wa PlayStation 2 uitwao Rule of Rose, kazi ya studio ndogo ya Kijapani, Punchline, ambao ulikuwa unaingia madukani Ulaya mwezi huohuo. Moto ukawaka. Meya wa Roma, Walter Veltroni, akasema mchezo wa namna hiyo haufai kuuzwa nchini mwake. Franco Frattini, kamishna wa Umoja wa Ulaya aliyeshika masuala ya haki na usalama, akawaandikia mawaziri wa mambo ya ndani wa nchi wanachama kulaani ukatili wake na kudai udhibiti mkali zaidi. Magazeti ya Uingereza yakadaka habari hiyo, na kabla mwezi haujaisha, 505 Games, kampuni iliyokuwa ikiusambaza Ulaya, ikafuta toleo la Uingereza.

Sasa, ndani ya Rule of Rose hakuna mahali ambapo mchezaji anamzika mtoto. Hakuna alama anazopata kwa kufanya hivyo, wala ushindi. Jeneza lipo, tena linatokea mapema kabisa, lakini anayetiwa humo ni Jennifer, yule ambaye mchezaji anamwongoza. Yaani mchezaji ndiye anayezikwa. Mchezo uliotengenezwa ili mtu mzima akae saa kadhaa ndani ya ngozi ya mtoto anayeonewa ulitangazwa kwa Ulaya nzima kuwa ni mchezo wa kuonea watoto. Ninaona kosa hilo lina uzito kuliko makosa ya kawaida ya magazeti, kwa sababu kilichopotea ni moja ya kazi chache sana, katika fani yoyote, zilizoeleza kwa makini jinsi uonevu wa watoto unavyoendeshwa. Ili hoja hiyo ieleweke itabidi nisimulie hadithi hadi mwisho wake.

Tupo Uingereza, mwaka 1930. Jennifer ana umri wa miaka 19 na yumo ndani ya basi, usiku. Mvulana mdogo anamwachia kitabu cha hadithi kilichotengenezwa kwa mkono, kisha anashuka na kutokomea gizani. Jennifer anamfuata mpaka kwenye kituo cha yatima kilichochakaa. Huko anakuta watoto waliojivika mifuko vichwani, na muda si mrefu wanamkamata, wanamfungia ndani ya jeneza na kumfukia. Anapozinduka yumo ndani ya meli ya anga, mojawapo ya yale maputo marefu yenye injini na vyumba vya abiria ambayo nyakati zile yalionekana kuwa ndiyo usafiri wa kesho. Watengenezaji hawakuokota mwaka na chombo hicho ovyo. Oktoba 1930 meli ya anga ya Uingereza, R101, ilianguka Ufaransa na kuua watu 48, na Waingereza wakaachana na ndoto hiyo. Katika mchezo, ajali ya meli ya anga ndiyo iliyomfanya Jennifer kuwa yatima.

Mchezo unachukua muda kabla ya kukuonyesha kwamba meli hiyo haiko angani hata kidogo. Ni kituo cha yatima chenyewe, kilivyojipanga upya katika kumbukumbu ya mwanamke aliyejilazimisha kusahau. Ndiyo maana Jennifer ana mwili wa mtu mzima huku akitendewa kama mtoto, na anatii kama mtoto.

Ndani ya meli, wasichana wamejiundia dola. Wanajiita Makabaila wa Krayoni Nyekundu. Juu kabisa yuko Binti Mfalme wa Waridi Jekundu, ambaye kwa muda mrefu humwoni uso. Chini yake yuko Diana, dachesi, mrembo anayefurahia kuumiza. Anamfuata Eleanor, kauntesi mkimya mwenye kizimba cha ndege mkononi, kisha Meg, baronesi, msichana wa miwani ambaye akili zake nyingi anazitumia kubuni adhabu. Halafu kuna Amanda, ambaye hadhi yake ni kuwa mnyonge, na chini ya Amanda hakuna mtu mpaka Jennifer alipofika. Kila mwezi hutangazwa zawadi inayotakiwa, na lazima ipelekwe kwenye sanduku lililoko mlangoni pa chumba cha klabu. Asiyeleta anaadhibiwa.

Hapa ndipo ubora wa kazi ya mwongozaji Shuji Ishikawa na wenzake unapoonekana. Michezo mingi ya kutisha inampa mchezaji jitu la kukimbia. Hapa kinachotisha ni orodha: nani yuko juu ya nani, nani anadaiwa nini, na tarehe ya mwisho ni lini. Sura baada ya sura unajikuta unahangaika kutafuta zawadi ya mwezi na kuitia sandukuni, na unafanya hivyo kwa bidii, kwa kuwa mchezo hauendelei usipofanya. Hakuna anayekushikia bunduki. Unatii kwa sababu kila mtu anatii. Aliyewahi kuingia shule ya bweni akiwa mono au njuka hahitaji kuelezwa hisia hiyo. Anaijua siku ya kwanza ya muhula, na anajua pia kwamba anayekupokonya sukari na sabuni mara nyingi si yule mkubwa kuliko wote, bali ni yule aliyepokonywa mwaka uliotangulia.

Huyo ndiye Amanda. Kwangu yeye ndiye mhusika muhimu kuliko wote, kumpita hata Jennifer. Ni mnene, anachekwa, amezoea kuwa wa mwisho katika kila kitu. Jennifer anapokuja, Amanda anamkaribia kama rafiki, na inaaminika kwamba anamaanisha. Lakini ujio wa Jennifer una maana nyingine kwake: kwa mara ya kwanza kuna mtu wa kumweka chini. Katika tukio ambalo sidhani mtu aliyeliona anaweza kulisahau, Jennifer amefungwa, na wakubwa wanamkabidhi Amanda fimbo yenye panya ili amsogezee usoni. Amanda anasitasita. Anaogopa. Kisha anafanya, na anapofanya anaanza kucheka, na kicheko kinazidi mpaka kinakuwa cha mtu mwingine. Mchezo haumpaki Amanda rangi ya shetani, wala haumsamehe. Unakuonyesha bei aliyolipa na alichonunua kwa bei hiyo: daraja moja.

Nimesoma maandishi mengi ya kuwafundisha watoto kuhusu uonevu, na karibu yote yana watu wawili, mwonevu na mwonewa, pengine na mtazamaji wa tatu anayehimizwa kutoa taarifa kwa mwalimu. Rule of Rose unasema kwamba nafasi hizo zinazunguka, na kwamba mfumo unadumu kwa sababu kila aliyemo ana mtu mmoja tu anayemwogopa na mmoja tu anayeweza kumwonea.

Na mwalimu je? Wapo watu wazima wawili tu wa kutajwa katika kituo hicho. Kuna mkuu wa kituo, Hoffman, mwenye nidhamu ya maneno makali, na Martha, mama wa usafi. Mchezo unadokeza, bila kuonyesha, kwamba Hoffman anamdhulumu Clara, msichana mkubwa kuliko wenzake pale kituoni. Kwa hiyo watoto hawa hawakuubuni utawala wa vitisho kutoka hewani. Walijifunza kutoka juu. Baadaye watu wazima wote wawili wanaondoka, na watoto wanabaki peke yao na sheria zao.

Mwenzake Jennifer katika haya yote ni Brown, mbwa wa aina ya Labrador anayemkuta amefungwa na kumfungua. Unampa Brown kitu akinuse, naye anakuongoza kwenye kile unachotafuta. Kwa hiyo kwa muda mrefu wa mchezo unamfuata mbwa. Unamsubiri, unamwita, unampa chakula, na anapoumia unarudi kumtazama. Watengenezaji walifanya makusudi upendo huo ukue mikononi mwa mchezaji, siyo kwenye maelezo.

Kisha inakuja sura ya maziko, na zawadi ya mwezi ni Brown.

Nyuma ya amri hiyo yuko Wendy. Baada ya ajali ya meli ya anga, Jennifer aliokotwa na mkulima aitwaye Gregory Wilson, aliyekuwa amefiwa na mwanawe, Joshua. Gregory alimfungia ndani ya nyumba, akamvika kama Joshua na kumwita kwa jina hilo. Wendy, mtoto wa kituo cha yatima, ndiye aliyemgundua kupitia dirisha, akawa anazungumza naye, na hatimaye akamsaidia kutoroka. Wakaapiana kupendana daima. Ndipo Jennifer akampata Brown, na mapenzi yake yakagawanyika. Wendy hakuvumilia. Binti Mfalme wa Waridi Jekundu ni yeye, na dola yote ile, vyeo vyake, zawadi zake na adhabu zake, ilisimikwa ili mtoto mmoja arudishwe mahali ambapo hatakuwa na mwingine wa kumpenda.

Jennifer anapoukuta mwili wa Brown ndipo anapozungumza. Anampiga Wendy kofi mbele ya wote na kuikana klabu. Lakini hasira yake haiishii kwa Wendy. Anajilaumu pia, kwamba alikuwa mwoga, kwamba alikubali kila kitu mpaka kikamfikia rafiki yake. Ni lawama nzito kumtwisha mtoto aliyeteswa, na wapo wachezaji wanaoiona haina haki. Mimi naielewa. Anayewasikiliza watu wazima wakisimulia utoto wao atagundua kwamba wengi hawarudii sana vipigo walivyopata. Wanarudia siku walipomwona mwenzao akipigwa nao wakatazama ukutani.

Wendy, aliyekataliwa, anamleta Gregory. Amemzoeza yule mkulima aliyeharibika akili mpaka amekuwa kama mbwa anayetii kamba, na ndiye anayewaua watoto wa kituo, Wendy akiwa miongoni mwao. Pambano la mwisho ni dhidi ya Gregory. Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo makala za mwaka 2006 hazikuligusa, na linajibu tuhuma zote kuliko hoja yoyote. Ukimshinda Gregory kwa kumpiga mpaka afe, hadithi inakatika hapo, na sura ya mwisho huioni. Njia ya kuifikia ni kumpa bastola uliyopewa na Wendy. Gregory anaipokea, fahamu zinamrudia, anayatambua aliyoyafanya, na anajiua. Ni mwisho wa huzuni, wala sidai kwamba ni mafundisho ya kuigwa. Lakini mchezo ulioshutumiwa kwamba unatoa tuzo kwa ukatili unamnyima mchezaji katili sura yake bora kuliko zote.

Sura hiyo haina adui hata mmoja. Jennifer ni mtoto tena, anatembea kwenye kituo kitupu, anakutana na vitu na maneno ya wenzake waliokufa, na anaamua kukumbuka.

Turudi Ulaya. Nchini Uingereza kazi ya kuuhakiki mchezo kwa PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga michezo kwa umri wa wachezaji, ilifanywa na shirika la Video Standards Council, nao wakaupa alama ya miaka 16. Shutuma zilipopamba moto, katibu mkuu wao, Laurie Hall, alijitokeza hadharani kusema hajui madai hayo yalitoka wapi: hakuna watoto wanaozikwa na mchezaji, hakuna ngono ya watoto, na maneno ya Frattini hayana msingi. Viviane Reding, kamishna mwenzake Frattini aliyeshika masuala ya habari na teknolojia, naye alimwandikia kulalamika kwamba barua kwa mawaziri ilitumwa bila idara yake kushauriwa, akamkumbusha kwamba Tume ya Ulaya yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiunga mkono PEGI, na kwamba hatua za kubana uhuru wa kujieleza lazima zilingane na hatari iliyopo.

Kwa maneno mengine, waliokuwa na wajibu wa kuutazama mchezo waliutazama na wakasema ukweli. Haikusaidia. Hakuna sheria iliyoupiga marufuku Uingereza, wala mahakama iliyouhukumu. Msambazaji aliona kelele zimezidi akarudi nyuma, na katika nchi nyingine za Ulaya ukauzwa kimyakimya. Dalili za wachapishaji kuuogopa zilikuwepo tangu mapema. Huko Japani ulitolewa na Sony yenyewe, Januari 2006. Tawi la Sony la Marekani halikutaka kuuchapisha, kwa hiyo kampuni nyingine, Atlus, ndiyo iliyoupeleka sokoni huko Septemba mwaka huo.

Sitaki kuwafanya wakosoaji wote waonekane wajinga. Kuna picha katika mchezo huu zinazoleta wasiwasi wa haki: jinsi kamera inavyokaa juu ya Diana na Meg wakati fulani, na namna mahaba na utawala vinavyochanganywa miongoni mwa wasichana wadogo. Mtu aliyeucheza na kusema kwamba hapo watengenezaji walivuka mstari ana hoja, na mimi mwenyewe kuna matukio mawili matatu ningeyapunguza. Mjadala huo ungekuwa na faida. Ungelazimisha watu kuuliza kwa nini watoto hawa wanajua kudhalilisha kwa namna ileile ambayo Hoffman anadhalilisha. Haukufanyika, kwa sababu mjadala uliofanyika ulihusu jeneza ambalo halikuwa vile lilivyosemwa.

Novemba hiyohiyo, tarehe 20, kijana aliingia na silaha katika shule yake ya zamani mjini Emsdetten, Ujerumani, akajeruhi watu wengi na kujiua. Aliacha maandishi yaliyojaa uchungu wa kudhalilishwa shuleni. Wanasiasa wa Ujerumani walishika zaidi habari ya michezo ya kupiga risasi aliyoipenda, na wito wa kuipiga marufuku ukapanda hadi serikalini. Sisemi kwamba kudhalilishwa kunahalalisha alichofanya, hakuna kinachohalalisha. Lakini mwezi mmoja ulileta mezani ushahidi wa kijana mwenyewe kuhusu shule, na mchezo mzima kuhusu namna watoto wanavyovunjana, na katika hali zote mbili wakubwa walichagua kuzungumzia mashine.

Kama mchezo, Rule of Rose una kasoro, na wahakiki wa wakati ule hawakuukosea walipoupa alama za wastani. Mapigano ni mabaya. Jennifer anapiga kwa kisu au uma kwa uzito wa mtu aliyetoka usingizini, vijidude, maadui wadogo wanaomzunguka, vinamkamata kwa urahisi, na mapambano makubwa ya mwisho wa sura yanachosha kuliko yanavyotisha. Wapo wanaosema udhaifu huo ni wa makusudi, kwamba mwonewa hajui kupigana. Ninaikubali hoja hiyo nusu tu, maana hata udhaifu unaweza kutengenezwa vizuri. Muziki wa Yutaka Minobe, kwa upande mwingine, ni wa kiwango cha juu kabisa, vinanda na nyuzi vilivyojaa huzuni ya zamani, bila ngurumo za kushtua ambazo michezo ya kutisha inazitegemea. Hata mahali pa kuhifadhi mchezo pamefikiriwa: ni ndoo na fimbo ya kupigia deki iliyovikwa kama askari, Shujaa wa Ndoo, rafiki wa kubuni wa mtoto asiye na rafiki.

Mchezo haujatolewa upya kwa mashine yoyote iliyofuata, na nakala halisi za Marekani zinauzwa kwa mamia ya dola miongoni mwa wakusanyaji. Asiye na uwezo huo anaweza kuutazama ukichezwa mwanzo hadi mwisho kwenye video mtandaoni, na kwa kuwa mapigano ndiyo sehemu dhaifu, hapotezi mengi. Si wa watoto. Alama ya miaka 16 ilikuwa sahihi. Lakini mwalimu wa nidhamu, mlezi wa bweni, au mzazi ambaye mwanawe amebadilika ghafla tangu shule zifunguliwe anaweza kuutazama peke yake akiwa na swali moja kila linapotokea tukio la klabu: katika chumba hiki, Amanda ni nani?